Shangazi, hesabu nazijua ila Kijerumani kinanikwamisha

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku, mtoto amelala na baba yake amelala. Nina miaka 34, naishi Leipzig, Ujerumani, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Nilikuja kumfuata mume wangu, ambaye anaandika programu za kompyuta kwenye kampuni ambayo kila kitu kinafanyika kwa Kiingereza. Mimi ni mhasibu. Nina CPA, cheti cha mhasibu aliyethibitishwa, na uzoefu wa miaka minane. Mitatu ya mwisho nilikuwa naunganisha hesabu za kampuni mama na matawi yake manne. Mwisho wa mwezi ukifika, mimi ndiye niliyekuwa nikisubiriwa.

Hapa hakuna anayenisubiri. Kijerumani changu ni A2, ngazi ya pili kati ya sita zinazopanda A1, A2, B1, B2, C1 hadi C2. Nilianza kozi ya serikali, nikaiacha nilipojifungua, sikurudi tena. Nimetuma maombi ya kazi 63. Mengi yamejibiwa kwa mistari mitatu ya pole, mengine kimya. Niliitwa kwenye usaili mara moja tu, katika ofisi ya washauri wa kodi. Barua yangu ya maombi aliniandikia rafiki aliyekulia hapa, Kijerumani kimenyooka. Mama aliyenisaili akaanza kwa kuisifu barua, kisha akauliza swali. Sikulielewa. Akalirudia polepole. Nikatoa jibu nililokuwa nimelikariri, na nilipomtazama usoni nikajua nimejibu swali jingine kabisa. Dakika kumi na mbili, Shangazi, tukawa tumemaliza. Nililia kwenye tramu mpaka nyumbani.

Mume wangu ananipenda na ananitakia mema. Anasema uhasibu wa hapa ni wa wenyeji, nijiunge na mafunzo ya uuguzi kwa sababu wauguzi wanatafutwa. Wifi yangu amenipatia kazi ya ghala, zamu ya usiku, ambako hawaulizi lugha. Nami nimebaki katikati.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Siku nne zilizopita kampuni moja niliyoomba kazi ilinipigia. Niliona namba nisiyoijua, nikaogopa, sikupokea. Wakaacha ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara tisa. Ninalisikia jina langu, nasikia uhasibu, nasikia "nipigie". Yaliyobaki yananipita. Mpaka leo sijawapigia.

Je, nikubali kwamba taaluma yangu niliiacha uwanja wa ndege?

Mhasibu Asiye na Ulimi

*

Marahaba, mwanangu.

Hilo jina ulilojipa sitakuitia. Simu yako nitaifikia mwishoni, lakini soma barua hii yote leo leo, kwa sababu siku ya tano haifai kufika hujawajibu.

Umeniuliza kama taaluma yako imekwisha. Mimi nimejiuliza jambo jingine: katika kazi ya mhasibu wa Ujerumani, lugha inakaa wapi hasa? Watu husema "kazi inahitaji Kijerumani" kana kwamba lugha imepakwa sawasawa juu ya kazi nzima, kama rangi ukutani. Sivyo. Kuna kona za kazi ambamo lugha imejaa tele, na kuna kona ambamo karibu haipo.

Chukua sheria yenyewe. Sheria ya biashara ya Ujerumani, inayoitwa HGB na iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1900, ina kifungu cha 239 kinachosema vitabu vya hesabu viandikwe katika lugha hai. Haikusema Kijerumani. Imesema lugha hai. Ukisonga mbele hadi kifungu cha 244, mambo yanabadilika: hesabu za mwisho wa mwaka lazima ziandaliwe kwa Kijerumani na kwa euro. Vifungu hivyo viwili vinakuonyesha ramani yako. Kuingiza miamala, kupatanisha hesabu za benki, kufuatilia wadaiwa na wadai, kuoanisha hesabu za kampuni dada: huko lugha si ukuta. Kuandika taarifa ya mwaka, kubishana na ofisi ya kodi, kumshauri mwenye duka dogo juu ya kodi yake: huko lugha ndiyo kazi yenyewe.

Sasa rudi kwenye usaili wako. Ofisi ya washauri wa kodi! Mwanangu, katika uhasibu wote wa nchi hiyo, hapo ndipo lugha inapohitajika kuliko mahali pengine. Mteja anapiga simu kuuliza kama anaweza kukata gharama ya gari lake. Barua ya ofisi ya kodi ina kurasa nne na kila sentensi ina mtego. Uligonga mlango mgumu kuliko yote ukadhani nyumba nzima imefungwa. Zile dakika kumi na mbili hazikupima uhasibu wako hata kidogo.

Wewe umeunganisha hesabu za kampuni mama na matawi manne. Umeliandika hilo kama jambo la kupita tu, na ndilo lenye thamani kubwa kwenye barua yako. Tangu mwaka 2005, makampuni yaliyoorodheshwa kwenye masoko ya hisa ya Umoja wa Ulaya yanatakiwa kutayarisha hesabu za pamoja za kundi lao kwa kufuata viwango vya kimataifa, IFRS. Ni viwango vile vile ulivyovifanyia mtihani wa CPA. Idara zinazofanya kazi hiyo hupokea hesabu kutoka nchi nyingi, na mara nyingi barua pepe zake na mikutano yake ni ya Kiingereza kwa sababu hakuna lugha nyingine inayowaunganisha. Hapo ndipo pa kuanzia. Tafuta matangazo yanayotaja IFRS, yanayotaja hesabu za kundi, yanayotaja hesabu baina ya kampuni dada. Tafuta pia kazi za wadai, ambazo wao huziita Kreditorenbuchhaltung, na za wadaiwa, Debitorenbuchhaltung, kwenye makampuni yanayouza nje. Na usijifunge Leipzig pekee. Berlin ni mwendo wa saa moja na robo hivi kwa treni ya kasi, na huko yapo makampuni mengi ambayo lugha ya ofisi ni Kiingereza. Baadhi yanaruhusu kufanya kazi nyumbani siku kadhaa kwa wiki. Kwa mama mwenye mtoto mdogo hilo si jambo dogo.

Kusoma tangazo nako ni kazi. Tangazo likisema "verhandlungssicher" linataka mtu anayeweza kujadiliana mkataba kwa Kijerumani bila kutetereka. Hilo liache kwa sasa. Likisema "fließend" linataka mtu anayetiririka. Liache pia, isipokuwa mengine yote yawe yanakuelezea wewe mpaka inashangaza. Likisema "von Vorteil" maana yake Kijerumani ni nyongeza nzuri, si sharti. Hilo omba. Na tangazo lililoandikwa lote kwa Kiingereza limeshakuambia lugha ya ofisi hata kabla hujafika kwenye masharti. Naamini kati ya maombi yako 63, mengi yalikwenda kwa waliotaka "verhandlungssicher". Kumi yaliyochaguliwa vizuri yatakufikisha mbali zaidi.

Tuje kwenye ile barua ya rafiki yako. Nitasema wazi, kwa sababu nakupenda: barua ile ilikuumiza. Ilimwahidi yule mama mtu ambaye hakuingia mlangoni. Alikuwa amejiandaa kuzungumza na mwandishi wa ile barua, akakutana na wewe, na pengo lile likafunika miaka yako minane. Kusahihishiwa makosa ni halali, kila mtu anafanya. Kuandikiwa lugha usiyoweza kuizungumza ni kujitegea mtego mwenyewe. Kwenye wasifu wako andika ukweli bila kuona haya: Kijerumani A2, nipo kwenye kozi ya B1, mtihani mwezi fulani. Tarehe ya mtihani ina nguvu kuliko unavyodhani, maana inamwonyesha mwajiri kuwa mtu huyu yuko safarini na anajua atafika lini. Barua ya maombi iandike kwa Kiingereza, kisha weka aya moja fupi ya Kijerumani uliyoiandika mwenyewe, yenye sentensi unazoweza kuzirudia mbele ya mtu yeyote.

Wajerumani pia wanapenda karatasi, na hili wageni wengi hulichukulia kirahisi. Mfanyakazi wa kwao anapoondoka kazini ana haki kisheria ya kupewa cheti cha utumishi, Arbeitszeugnis, kinachoeleza alifanya nini na alifanyaje. Mwajiri hutarajia kukiona. Waandikie mabosi wako wa zamani leo, waombe barua inayotaja kazi moja moja: matawi mangapi, programu gani ya uhasibu, ulifunga mwezi kwa siku ngapi. Barua ya "alikuwa mfanyakazi mzuri" haisaidii.

Kuhusu shahada yako, habari ni njema. Uhasibu wa kawaida hauko kwenye kundi la kazi zinazodhibitiwa, kwa hiyo huhitaji kibali cha chombo chochote ili uajiriwe. Majina yanayolindwa ni ya mshauri wa kodi na mkaguzi wa hesabu aliyesajiliwa, na wewe hayo huyaombi kwa sasa. Kinachofaa ni kutazama chuo chako kwenye hifadhidata ya bure inayoitwa anabin. Kikionyesha alama ya H+, kinatambuliwa. Kisha unaweza kuomba tathmini ya shahada kwa ofisi ya ZAB, kwa ada inayozidi kidogo euro 200. Ni karatasi moja inayomwambia mwajiri shahada yako inalingana na ipi ya kwao. Na kibali chako cha ukaazi, kwa kuwa umekuja kama mke, kinakuruhusu kufanya kazi yoyote. Kuna watu wenye Kijerumani kizuri kuliko chako wanaohangaikia ruhusa hiyo. Itaje kwenye wasifu, mstari wa juu kabisa, ili mwajiri asiogope makaratasi.

Sasa uuguzi. Sina neno baya juu ya kazi hiyo. Kama moyo wako ungekuwa huko ningekusindikiza. Lakini zungumza na mume wako kwa utulivu, muulize jambo moja. Anasema uhasibu haukufai kwa sababu ya lugha, kisha anakupeleka kwenye kazi ambayo mtu anazungumza tangu anapoingia zamu mpaka anapotoka. Mgonjwa mzee anayeeleza maumivu yake usiku, kwa lafudhi ya kijijini kwao, hataongea polepole. Mafunzo yenyewe huchukua miaka mitatu, na kwa kawaida wanataka uanze ukiwa na B1 au B2. Ukishafika B2, mwanangu, mhasibu mwenye CPA hahitaji tena kuukimbia uhasibu. Mume wako si adui katika hili. Anaona unalia na anatafuta mlango wa karibu. Mwonyeshe hesabu hizi, ataelewa, ni mtu wa kompyuta.

Ghala nalo, kama nyumbani mna shida ya fedha, si aibu. Ninachokiogopa ni zamu ya usiku. Utatoka alfajiri, utamhudumia mtoto mchana, na kozi ya lugha itakufa ya kwanza. Nimewaona wengi. Walisema ni miezi sita, ikawa miaka sita, na mwishoni Kijerumani walichokipata ni cha "inua", "weka", "haraka". Kama ni lazima ufanye, chukua saa chache za mchana na upange tarehe ya kuacha kabla hujaanza.

Kwa hiyo kozi. Ile uliyoiacha, Integrationskurs, ina masomo 600 ya lugha mpaka B1, halafu 100 ya historia, sheria na maisha ya nchi, kila somo dakika 45. Wewe umeshapita sehemu kubwa. Rudi pale ulipoachia. Nenda ukaulize shule ile ile, na uulize madarasa ya jioni au ya akina mama. Ukipata B1, jiandikishe ofisi ya kazi, Agentur für Arbeit, kama mtafuta kazi na uombe kozi ya lugha ya kazini, Berufssprachkurs, inayokupeleka B2. Kwa asiye na ajira haina malipo. Wengi hawaiombi kwa sababu hakuna aliyewaambia ipo.

Usingoje darasa likufundishe lugha ya uhasibu, kwa sababu halitakufundisha. Darasani utajifunza kununua mboga na kueleza likizo yako. Lugha ya hesabu ni ndogo, mwanangu, pengine maneno mia tatu, na nusu yake unaijua kichwani tayari. Unakosa jina tu. Soll na Haben ni debiti na krediti zako. Abschreibung ni uchakavu. Rückstellung ni fedha unayotenga kwa deni linalotarajiwa. Vorsteuer ni kodi uliyolipa wewe uliponunua, Umsatzsteuer ni ile unayotoza, asilimia 19 kwa kawaida na 7 kwa baadhi ya bidhaa. Pata jedwali la akaunti linaloitwa SKR03 na mwenzake SKR04. Ofisi nyingi hutumia moja kati ya hayo mawili. Kwenye SKR03 benki ni akaunti 1200, kwenye SKR04 ni 1800. Kaa nalo jioni moja, utashangaa. Utatambua akaunti baada ya akaunti kabla hujasoma jina lake, kwa sababu unajua mahali kila kitu kinapokaa. Mtu akikwambia 1200, hakukuongelesha Kijerumani. Amekuongelesha uhasibu.

Niseme na la kwangu. Nilifanya kazi ya maabara Hamburg nikiwa na umri kama wako, na kwa miezi minne ya mwanzo nilikuwa naitikia "ja" kwa kila kitu. Niliogopa kuonekana mjinga. Siku moja niliitikia agizo nisilolielewa, na sampuli za wiki nzima zikaharibika. Mkubwa wangu hakukasirikia Kijerumani changu. Alikasirika kwa sababu sikusema kwamba sijaelewa, na alikuwa na haki. Tangu siku hiyo nilibeba daftari, na kila nikipewa agizo nalirudia kwa maneno yangu machache: kwa hiyo nifanye hiki, kisha hiki, sawa? Waliniheshimu zaidi kuliko nilipokuwa naitikia. Kwenye usaili fanya hivyo hivyo. Sema mwanzoni kabisa kuwa Kijerumani chako ni cha mwanafunzi, omba maswali ya kiufundi yawe ya Kiingereza, na usijibu swali ambalo hujalielewa. Hata mara moja.

Nisiwasahau wengine wanaosoma hapa wakiwa na taaluma tofauti. Wewe daktari, ramani hii si yako: leseni ya udaktari Ujerumani inadai Kijerumani cha jumla cha B2 na mtihani wa lugha ya kitabibu wa kiwango cha C1, na njia ya mkato haipo. Wewe mwandishi wa programu, wasiwasi wa mhasibu huyu unaweza usikuguse kabisa. Kila taaluma ina kona zake. Ikague yako kabla hujakata tamaa au hujajipa moyo bure.

Haya, mwanangu, simu. Mwajiri anayetaka kumkataa mtu huandika mistari mitatu ya pole, nawe umeipokea mingi. Hawa wamekupigia na wakaacha ujumbe. Mpe mume wako au jirani ausikilize, akuandikie kila neno. Aibu ya kumwambia mume wako kuwa uliogopa simu itakwisha kwa dakika moja. Kisha waandikie barua pepe usiku huu huu. Omba radhi kwa kuchelewa, waambie una hamu na nafasi hiyo, waulize kama mnaweza kuzungumza kwa Kiingereza au kuonana ana kwa ana, maana simu ndiyo ngumu kuliko yote kwa anayejifunza lugha. Huoni mdomo wala uso. Kesho saa tatu asubuhi wapigie pia. Utakachosema ni kifupi, na kipo ndani ya A2 yako. Unawaambia kwamba walikupigia, bado unajifunza Kijerumani, umewaandikia barua pepe, na unaomba miadi. Kisome kwa sauti mara kumi kabla ya kulala:

"Guten Tag, Sie haben mich angerufen. Ich lerne noch Deutsch. Ich habe Ihnen eine E-Mail geschrieben. Können wir bitte einen Termin machen?"

Taja jina lako polepole, litamke lote. Wakikupa tarehe, irudie. Kama hujaisikia vizuri, waombe wakuandikie.

Shangazi